Linux Inapogoma Kuingia kwenye Kompyuta ya Zamani

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilihitimisha huduma ya kawaida kwa mfumo wa Windows 10. Kompyuta nyingi zilizo nzima hazikidhi masharti ya Windows 11, na wenye nazo wengi wamegeukia Linux, mfumo halali usiodai ada ya leseni. Hata hivyo, usakinishaji hukwama mara kwa mara, na mwenye mali huambiwa: “Mashine hii imekufa, nunua nyingine.” Tunakusihi usiikubali hukumu hiyo kabla ya uchunguzi.

Awali ya yote, okoa mafaili yako. Usakinishaji unaweza kufuta diski nzima, zikiwamo picha za familia na mahesabu ya duka. Ikiwa jaribio la kwanza limekwama, usilirudie papo hapo. Matoleo mengi ya Linux huweza kuendeshwa kwa majaribio kutoka kwenye flashi pasipo kuandika chochote katika diski. Tumia nafasi hiyo kunakili mafaili yako kwenye diski ya nje.

Pili, ichunguze flashi yenyewe. Kunakili faili la Linux kwenye flashi kama unavyonakili wimbo hakutoshi. Huna budi kutumia programu maalumu, kama vile Rufus au balenaEtcher, nayo hufuta vyote vilivyomo katika flashi hiyo. Kabla ya hapo, linganisha alama ya uhakiki ya SHA-256 ya faili ulilopakua na ile iliyotangazwa na watengenezaji. Zikitofautiana hata kwa herufi moja, pakua upya.

Tatu, ijue prosesa yako. Ukiona ujumbe kwamba mfumo unahitaji prosesa ya x86-64 ilhali iliyopo ni i686, kompyuta haijaharibika. Prosesa yake ni ya biti 32, na toleo ulilochagua ni la biti 64. Ubuntu iliacha kutoa diski za usakinishaji za biti 32 kwa kompyuta za mezani mwaka 2017, na Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina kisakinishi cha prosesa hizo. Debian 12 bado inacho.

Nne, pima uwezo wa kumbukumbu. Ubuntu ya kawaida huhitaji RAM nyingi. Mwenye gigabaiti 2 atafute toleo jepesi, kwa mfano lenye mandhari ya Xfce au LXQt. Ikiwa kompyuta huganda kila mara mahali tofauti, ipime RAM kwa programu ya Memtest86+, kwani huenda kipande kimoja ni kibovu, na kipande hubadilishwa.

Tano, skrini ikiwa nyeusi baada ya menyu ya kwanza, mara nyingi tatizo ni kadi ya picha. Katika menyu hiyo bonyeza herufi e, ongeza neno nomodeset mwishoni mwa mstari unaoanza na neno linux, kisha bonyeza F10. Badiliko hilo hudumu kwa uwashaji huo mmoja tu, hivyo halina hatari.

Sita, kisakinishi kisipoiona diski, angalia mpangilio wa BIOS: diski ikiwa katika hali ya RAID, kuibadilisha kuwa AHCI huweza kuidhihirisha. Tahadhari: Windows iliyomo inaweza kushindwa kuwaka baada ya badiliko hilo. Na kama tarehe hurudi nyuma kila unapozima, betri ndogo ya bodi mama imekwisha. Saa isiyo sahihi huzuia upakuaji wa programu kwa njia salama. Betri hiyo huuzwa kwa bei nafuu kuliko kompyuta.

Ndugu watumiaji, msaada wa fundi ni stahiki kulipiwa, kwa kuwa kazi ni ujira. Lakini kabla ya kukabidhi kompyuta, piga picha ya ujumbe wa kosa, andikisha aina ya mashine, ukubwa wa RAM na diski, na ueleze kwa maandishi kama mafaili yafutwe au yahifadhiwe. Ukiambiwa kifaa kimeharibika, uliza kimepimwa kwa njia gani, na udai urudishiwe kilichotolewa. Ukitozwa fedha kwa jina la “leseni ya Linux”, omba maelezo na risiti kabla ya kulipa.

Mwisho, zipo mashine ambazo kweli zimefika kikomo. Diski inayogongagonga haitaponywa na mfumo wowote. Okoa mafaili, kisha badilisha diski. Tunachoomba ni kwamba uamuzi wa kutoa fedha yako utokane na vipimo, usitokane na kauli ya anayetaka kukuuzia kompyuta nyingine.