Bustani ya Chai Nyuma ya Jiko

Wazee wetu waheshimiwa, walimu, na ndugu zetu nyote wa Handeni na Korogwe,

Tumeombwa tuseme nanyi leo juu ya jambo lililo dogo machoni pa wengi, nalo ni kupanda nyumbani majani na viungo vya kutengenezea chai na vinywaji vya asili. Twajua ya kuwa wako watakaosema, "Hilo ni jambo la jikoni, si la kukusanyia watu." Nasi twawajibu ya kuwa hapana mtu hapa aliyetoka kwake asubuhi pasipo kuonja kitu, na kikombe hicho kilimgharimu mtu fedha, maji na kuni. Jambo liingialo kila nyumba kila asubuhi si dogo.

Wilaya hizi mbili ni majirani, lakini ardhi yake si moja. Korogwe ina bonde la Mto Pangani, lenye joto na mkonge, tena ina milima ya Bungu na Dindira yenye ukungu, ambako majani ya chai yenyewe hustawi. Handeni ni nchi ya mvua ya kubahatisha, na hata maji ya bomba mjini huvutwa kutoka Mto Pangani upande wa Korogwe. Basi amwigaye jirani yake pasipo kutazama udongo wake atapata hasara. Sisi wenyewe tuliwahi kuchukua mnanaa mzuri mlimani tukaupanda Handeni mwezi wa Agosti, katikati ya uwanja, juani. Haukumaliza wiki mbili. Na ule mchache uliobaki ukawa kitoweo cha mbuzi.

Tuanze na mchaichai, kwa kuwa ndio usiomtupa mtu. Haupandwi kwa mbegu. Tafuta kichaka kilichokomaa, ukichimbue, ukipasue kwa mikono upate mashina, kila shina na mizizi yake. Kata majani yabaki kiasi cha shibiri moja, ili shina lisipoteze maji kabla ya kushika ardhi. Panda mvua za masika zikianza mwezi wa Machi, au za vuli zikianza mwezi wa Oktoba, ukiacha nafasi ya futi 2 au 3 kati ya shina na shina. Katika mteremko panda kwa mstari unaoukingama mteremko, si unaoshuka nao; ndipo utapata chai na kuzuia udongo kwa kazi moja. Baada ya miezi kama 4 hadi 6 waweza kuanza kukata, lakini kata juu ya ile sehemu nyeupe, wala usiing'oe. Watoto wafundishwe kukata kwa kisu, maana jani lile lina makali, nalo huchana vidole. Kichaka kikizeeka na kujibana, kipasue tena, ugawie na jirani.

Swali la watu wa Handeni ni moja: maji yatoke wapi? Hatuwezi kumwambia mama aliyebeba ndoo kutoka bwawani amwagie majani. Lakini yako maji ambayo kila nyumba huyamwaga: ya kuoshea mboga, ya kusuuzia vyombo, ya kunawia mikono. Hayo yaelekezwe kwenye bustani, yamwagwe chini kwenye mizizi, si juu ya majani. Nayo ya kufulia yenye sabuni nyingi yaachwe. Weka nyasi kavu kuzunguka shina ili jua lisinyonye unyevu. Kwa njia hii vichaka vitatu vya mchaichai na debe moja bovu lililotobolewa chini, lenye mnanaa au mrehani, huweza kuishi kivulini mwa jiko hata wakati wa kiangazi. Mkitia na uzio wa miiba, mbuzi watawaheshimu.

Tangawizi ni ya watu wa milimani. Hupenda mvua ya kutosha, udongo wenye mboji, na kivuli kidogo. Huzikwa kipande chenye jicho, nacho hukaa ardhini miezi 8 hadi 10. Wenzetu wa Mamba Miamba, wilaya ya Same, wameifanya kuwa zao la biashara. Mtu wa Bungu aweza kuijaribu kwa tuta moja kwanza.

Watu wa nchi kavu nao wasione wivu, maana wana choya, ambayo wengine huiita rozela. Hiyo hupandwa kwa mbegu mvua zikianza. Ua likianguka, hubaki vile vikonyo vyekundu vinene. Vichume vingali laini, uondoe tunda la mbegu ndani, uvianike juu ya jamvi au kichanja penye upepo, wala si chini kwenye vumbi la kuku. Vikikauka sawasawa vitalia mkononi kama karatasi. Vikiwa na unyevu hata kidogo vitaota ukungu chomboni, na kazi yote imepotea. Ukwaju na ubuyu mnavijua kutupita sisi; mbuyu hauhitaji kupandwa na mtu aliye na haraka.

Sasa twataka mtusikilize vema, kwa sababu hapa ndipo afya ya nyumba ilipo. Majani ya chai yakinywewa pamoja na chakula huzuia mwili usipate madini ya chuma yaliyomo katika maharage, mchicha na kisamvu, na madini hayo ndiyo yanayojenga damu. Msidhani ya kuwa majani ya bustanini hayana hatia: hata mnanaa umepimwa ukaonekana una tabia hiyo hiyo. Kwa hiyo chai ya namna yoyote ingoje saa moja au zaidi baada ya kula, hasa kwa mama mjamzito na mtoto anayekua. Wakati wa chakula chenyewe afadhali maji ya ubuyu, au ya limau: maji yachemshwe kwanza, yaachwe yapoe, ndipo ubuyu utiwe, kwa kuwa moto hupunguza vitamini C iliyomo, nayo ndiyo inayousaidia mwili kuyapokea madini hayo. Na mtoto mchanga asiyetimiza miezi 6 asipewe chai, wala togwa, wala maji ya majani. Maziwa ya mama yamtosha.

Juu ya togwa tuna neno moja. Watu husema uchachu wake huua kila uchafu. Ni kweli ya kuwa uchachu huzuia vijidudu vingi vya tumbo, lakini hauwezi kutegemewa kuondoa sumukuvu, ile sumu iletwayo na ukungu wa mahindi, wala kuchemsha hakuiondoi. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumu hiyo katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na Manyara yapakana na mkoa wetu wa Tanga. Mahindi yenye ukungu, na kimea cha ulezi kilichoota ukungu kibaya, visiingie chunguni, hata kama ni njaa na moyo wauma.

Tena, kinywaji ni kinywaji. Mnakumbuka mwaka 2011 jinsi watu wa nchi nzima walivyokwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe, na wako walioacha dawa za hospitali baada yake. Hatukuja kumcheka mtu, mgonjwa hutafuta. Tangawizi hutuliza kichefuchefu, na mchaichai wa moto humpendeza mwenye mafua. Lakini mtoto mwenye homa apelekwe zahanati apimwe malaria siku ile ile, na anayetumia dawa za kisukari au za presha amwambie mganga wa zahanati anakunywa nini nyumbani, maana choya huweza kushusha presha nayo.

Walimu, twawaomba mtenge tuta moja shuleni, lakini kila mtoto aondoke na shina lake kulipeleka kwao, maana bustani ya shule hufa wakati wa likizo.

Tumekuja na mashina ya mchaichai, nayo yapo chini ya mwembe, yamefungwa katika magunia yenye maji. Kila nyumba ichukue mawili. Yapandwe leo jioni, jua likipoa, wala yasingoje kesho.