Laki Itajwe kwa Jina Lake

Msikilizaji, sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 2,470,967 katika mkoa wetu wa Kigoma. Kwenye karatasi idadi hiyo haisumbui, kwa sababu jicho likipotea hurudi mwanzo. Hewani sikio halirudi. Na hapo ndipo tunapoharibu. Yuko atakayeisoma: milioni mbili, mia nne sabini elfu, mia tisa sitini na saba. Mwingine ataikata kabisa: milioni mbili nukta nne saba. Mimi naomba isomwe hivi: milioni mbili, laki nne, elfu sabini, mia tisa sitini na saba. Inashuka kutoka fungu kubwa hadi dogo, na kila fungu lina jina lake. Mama anayechambua maharage kule Kasulu, redio ikiwa dirishani, ameipata yote bila kuomba kalamu.

Laki ilikuja na biashara. Wahindi husema lakh, neno lenye asili ya Kisanskriti, na ni mia moja mara elfu moja. Wafanyabiashara wa Kutch na Gujarat walilileta Unguja pamoja na vitabu vyao vya hesabu. Katika karne ya 19 nyumba ya biashara ya Jairam Shivji ilikusanya ushuru wa forodha wa Sultani kwa miaka mingi, na hesabu za ukubwa ule zilihitaji neno la ukubwa ule. Rupia ya India ilienea pwani nzima, hata Wajerumani walipoanza kutoa sarafu zao mwaka 1890 waliziita rupia.

Kwao India hesabu inaendelea: laki mia moja ni crore, na hata mkato wao wa tarakimu unafuata mpango huo, laki moja huandikwa 1,00,000. Sisi tulichukua laki, crore tukaiacha, tukatumia milioni ya Wazungu. Kwa hiyo tunasema laki kumi ni milioni, jambo ambalo Mwingereza hawezi kulisema kwa sababu laki hana, na Mhindi katika hesabu zake za nyumbani hana haja nalo. Naona ni mali yetu, na ni mali nzuri.

Lakini kwa muda mrefu laki haikuwa neno la mtu wa milimani. Wazee wetu wa Kasulu na Kibondo walioandikishwa kwenda kwenye mashamba ya mkonge, wakapewa namba mpaka wakaitwa manamba, walihesabu siku za kazi kwenye kadi iliyoitwa kipande, na mshahara wao haukukaribia hata elfu. Shilingi ya Tanzania ilipotolewa mwaka 1966, shilingi 20 zilikuwa pauni moja ya Uingereza. Laki moja ilikuwa pauni 5,000, na kwa kuwa noti kubwa ilikuwa ya shilingi 100, ungehitaji noti 1,000 kuijaza. Leo laki ni noti 10 za elfu kumi, unazikunja na kuzitia mfuko wa shati. Thamani ya shilingi imeshuka, na neno lililokuwa la matajiri wa forodhani limeingia katika kila nyumba: mbuzi anatajwa kwa laki, mahari inatajwa kwa laki, magunia ya maharage ndiyo usiseme.

Nenda Mabamba, kule mpakani Kibondo, siku wenzetu wa Burundi wanapovuka kuja sokoni. Noti kubwa ya Burundi nayo ni ya elfu kumi, ya faranga. Mrundi akishika noti 10 husema ibihumbi ijana, yaani elfu mara mia. Akiihamishia kwenye Kiswahili atasema elfu mia moja. Ni sahihi. Ila sasa aongeze kidogo: elfu mia moja na ishirini. Je, ni 120,000, au ni 100,020? Sokoni hakuna anayegombana, kwa sababu hakuna bei ya shilingi 100,020. Bei yenyewe inasahihisha maneno. Lakini ikiwa ni kilo za mahindi ghalani, au miche ya kahawa kitaluni, au watu katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, hesabu zote mbili zinawezekana, na tofauti yake ni karibu elfu ishirini. Sema laki moja na elfu ishirini, shaka imekwisha. Nasisitiza hiyo elfu ya katikati, maana wengi siku hizi huiruka, wakasema laki na ishirini, na mtego unarudi palepale.

Nukta ndiyo inayoniumiza zaidi. Taarifa ya mradi inaandikwa bilioni 1.05, na msomaji anasema bilioni moja nukta sifuri tano. Ile sifuri ikimezwa na mkwaruzo wa mawimbi, msikilizaji amebaki na bilioni moja na nusu. Ameongezewa milioni 450 ambazo hazipo, na kesho atamuuliza diwani wake ziko wapi. Bilioni moja na milioni hamsini inachukua pumzi ileile kuitamka. Vivyo hivyo milioni mbili nukta nne: ni milioni mbili na laki nne, mkulima anaijua, ameishika mkononi.

Na si redioni tu: mkulima anayeuza kupitia chama cha ushirika wa msingi hupewa stakabadhi. Chini ya tarakimu huwa kuna mstari ulioandikwa: kwa maneno. Mara nyingi karani hupitisha kalamu haraka hapo, au huuacha mtupu. Tuseme bei ya kilo ni shilingi 1,600 na umepeleka magunia mawili ya kilo 100 kila moja. Mstari huo unapaswa kusema: shilingi laki tatu na elfu ishirini tu. Hiyo tu ya mwisho ni kufuli, haruhusiwi mtu kuongeza kitu baada yake. Baba, mama, kabla hujaweka sahihi au dole gumba, mwambie karani akusomee mstari huo kwa sauti. Akikusomea nukta, mrudishie kalamu aandike upya.