Maji Meupe, Meno ya Kahawia: Maji ya Kunywa Shuleni Chini ya Mlima Meru

Tukisema kwamba shule fulani ina maji, huwa tunamaanisha kuwa bomba lipo na linatoa. Hicho ndicho kipimo kinachoandikwa kwenye taarifa. Kwa shule za umma zilizo kwenye miteremko ya Mlima Meru na kandokando ya Bonde la Ufa, kipimo hicho kinatupotosha. Maji ya kuwanywesha watoto wa huko tuyatafute kwanza kwenye bati la darasa, ndipo tuyatafute ardhini.

Kisa ni mwamba wenyewe. Ardhi ya volkano ina floraidi nyingi, na maji yanapopenya humo huiyeyusha na kuibeba hadi kwenye chemchemi na visima. Maziwa ya Momella, chini ya Mlima Meru, yana mamia ya miligramu za floraidi kwa kila lita, ilhali Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5. Mwaka 1974 Tanzania iliweka kiwango cha muda cha miligramu 8, kwa kuwa kukataa kila chanzo kilichozidi kungeacha vijiji vingi bila tone. Baadaye kikawa 4, na leo ni 1.5. Kwenye karatasi tumepiga hatua, lakini mwamba uko palepale. Maji yenye floraidi ni meupe, hayana harufu, na wala hayamharishi mtu kesho yake. Hata nasaha tuliyolelewa nayo, ya kuchemsha maji, hapa haifai kitu: mvuke unapaa, floraidi inabaki, na yaliyomo sufuriani yanazidi kuwa makali. Basi lifikirieni sufuria la makande la shule, linalotokota tangu asubuhi, pengine limetiwa magadi ili mahindi na maharage yalainike upesi. Magadi ya kaskazini nayo yana floraidi yake. Mtoto anainywa, kisha anaila.

Linalonifanya niliseme jambo hili kwa uzito ni umri. Tabaka gumu la nje la meno ya ukubwani huundwa ndani ya ufizi mpaka mtoto anapokaribia miaka minane. Floraidi ikizidi katika kipindi hicho, jino huchomoza likiwa tayari na madoa ya kahawia, na mswaki hauyaondoi. Ikizidi sana, kwa miaka mingi, huingia mifupani: miguu hupinda, viungo hukakamaa. Mtoto anaanza elimu ya awali akiwa na miaka mitano. Kwa hiyo miaka yake ya mwanzo shuleni ndiyo miaka ya mwisho ya kuyaokoa meno yake. Mradi wa bomba ukichelewa miaka minne, kwa mhandisi ni ucheleweshaji; kwa mtoto huyo wakati umeshapita.

Njia za kuichuja floraidi zipo. Kituo cha Ngurdoto, wilayani Arumeru, kimefanya kazi kubwa kwa kutumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao huinasa floraidi maji yanapopita. Ila mkaa huo huchoka, na ukishachoka maji hupita vilevile na floraidi yake, yakiwa meupe kama jana. Lazima yapimwe na mkaa ubadilishwe. Shule isiyo na mtu aliyepewa kazi hiyo, wala fungu lake, itabaki na chombo kinachowapa watu imani ya bure.

Mvua inayotua kwenye bati haijagusa mwamba, na karibu haina floraidi. Tupige hesabu. Shule ya wanafunzi 600, kila mmoja akinywa lita moja kwa siku 194 za masomo, inahitaji lita 116,400 kwa mwaka. Paa la mita za mraba 300, mahali penye mvua ya milimita 600 tu, hupokea lita 180,000. Tukipoteza moja ya tano, zinabaki 144,000. Maji ya kufua, kudeki na kumwagilia bustani yaendelee kutoka bombani. Yanayotakiwa kuwa salama ni yale ya kinywani na ya sufuriani, nayo ni machache.

Pingamizi la kwanza ni kiangazi, nalo ni la kweli. Kati ya Julai na Oktoba hakuna mvua ya kutegemea, hivyo shule hiyo inahitaji kuhifadhi lita 50,000 hivi, yaani matangi matano ya lita 10,000. Hapo ndipo gharama ilipo, na sioni haki kuwabebesha wazazi. Matangi yajengwe pamoja na darasa, kama bati lenyewe. Pili, husemwa kuwa maji ya paa ni machafu. Ni kweli yana vumbi na kinyesi cha ndege, lakini mvua ya kwanza humwagwa, na vijidudu huuawa kwa klorini au kwa moto. Uchafu huo tunauweza, floraidi haiuawi. La tatu, eti mtoto atarudi nyumbani anywe yaleyale. Atakunywa, lakini madhara haya hutegemea kiasi kinachoingia mwilini, na kila kikombe kilichopunguzwa kina faida.

Kwa hiyo ninawaomba wanaoandika taarifa za wilaya waongeze safu moja: kiasi cha floraidi, na tarehe ya kupima. Na ninyi walimu wakuu pamoja na kamati zenu, ruzuku ya uendeshaji inayotumwa moja kwa moja shuleni tangu 2016 ni ndogo, haitajenga tangi. Walakini gata za paa moja si mzigo wa kuishinda shule. Anzeni na darasa la awali. Masika huingia Machi. Gata ziwe zimefungwa Februari.