Bei Inayoonwa na Bei Inayolipwa: Tiketi ya Ndege na Haki ya Kulinganisha

Tarehe 1 Agosti 2007 mamlaka ya ushindani ya Uingereza ilitangaza kuitoza British Airways faini ya pauni milioni 121.5, na siku hiyohiyo Idara ya Sheria ya Marekani ikaitoza dola milioni 300 kwa makosa yaliyohusu abiria na mizigo. Faini ya Uingereza ilishushwa baadaye, mwaka 2012, hadi pauni milioni 58.5. Kosa kwa upande wa abiria lilikuwa kuwasiliana na mshindani wake, Virgin Atlantic, kuhusu nyongeza ya mafuta katika safari ndefu. Kati ya Agosti 2004 na Januari 2006 nyongeza hiyo ilipanda kutoka pauni 5 hadi pauni 60 kwa tiketi. Virgin, iliyotoboa siri, ilisamehewa faini. Wanasheria huisoma kesi hii kama somo la njama za bei. Nami nina swali jingine: kwa nini wakubaliane juu ya nyongeza, na si juu ya nauli yenyewe? Nadhani ni kwa sababu nauli ndiyo abiria anayoitazama na kuipima dhidi ya nauli ya shirika jingine. Nyongeza ilikaa pembeni, katika safu moja na kodi, mahali ambapo mnunuzi amezoea kulipa bila kuuliza.

Hoja ninayotaka kuijenga leo ni kwamba ada iliyofichwa haimdhulumu yule aliyeilipa tu. Inaharibu kipimo ambacho wanunuzi wote wanakitumia, pamoja na wale ambao hawatailipa kamwe. Serikali zetu zimeacha zamani kumpangia muuza nyama bei ya kilo, lakini hakuna anayeona ajabu Wakala wa Vipimo akikagua mizani yake. Soko huru linahitaji mizani ya kweli kuliko soko lenye bei elekezi, kwa maana katika soko huru mnunuzi hana kinga nyingine ila uwezo wake wa kulinganisha. Katika biashara ya tiketi, mizani hiyo ni tarakimu ya kwanza inayotokea kwenye skrini ya simu au kinywani mwa wakala.

Tarakimu hiyo inaweza kupungukiwa na mambo ya namna tatu. Kuna kodi na tozo halali za serikali na viwanja vya ndege. Kuna nyongeza ambazo shirika limejiwekea lenyewe, zinazoandikwa kwenye tiketi kwa herufi YQ au YR. Zinapangwa jirani na kodi, na abiria wengi huamini kwamba fedha hizo zinakwenda hazina, kumbe zinabaki kwa shirika. Halafu kuna malipo ya huduma zinazoitwa za hiari: begi, kiti cha dirishani, kuchapishiwa kibali cha kupandia ndege. Namna ya kwanza haina utata mwingi. Ya pili ni udanganyifu wa mpangilio, na dawa yake ni nyepesi: pesa ya shirika iitwe nauli. Ya tatu ndiyo ngumu, na ndiyo inayokua.

Ilianza kukua Marekani. Sheria ya mwaka 1978 iliyaachia mashirika uhuru wa kupanga nauli, na kwa miaka thelathini hivi tiketi ya kawaida iliendelea kubeba begi ndani yake. Mwaka 2008, mafuta yalipopanda, American Airlines ilianza kutoza dola 15 kwa begi la kwanza linaloingia tumboni mwa ndege, na wakubwa wenzake wengi wakafuata. Mwaka 2010 shirika la Spirit likaanza kutoza hata begi la mkononi linalowekwa juu ya viti. Mafuta yalishuka baadaye, ada hazikushuka. Yapo pia maelezo ya kikodi ambayo hayasemwi sana: nauli ya ndani ya Marekani hutozwa ushuru wa shirikisho wa asilimia 7.5, lakini ada ya begi haitozwi ushuru huo. Kila dola inayohamishwa kutoka kwenye nauli kwenda kwenye ada inaepuka macho ya mnunuzi na mkono wa mtoza kodi kwa pamoja. Taarifa ya kamati ndogo ya uchunguzi ya Seneti, ya Novemba 2024, ilikuta mashirika matano yamekusanya dola bilioni 12.4 kwa ada za viti pekee kati ya 2018 na 2023. Ilikuta pia kwamba Frontier na Spirit zilitumia dola milioni 26 katika 2022 na 2023 kuwazawadia wafanyakazi wa mlangoni waliowanasa abiria wenye mabegi yaliyozidi kipimo. Ada ambayo mtu analipwa kuivizia si rahisi kuiita bei.

Watetezi wa utaratibu huu husema abiria hujifunza: aliyeumwa mara moja hatarudia. Ushahidi hauwaungi mkono. Mwaka 2015 StubHub, soko la mtandaoni la tiketi za michezo na muziki, liliwagawa wateja wake makundi mawili, moja likaoneshwa ada tangu mwanzo na jingine mwishoni. Walioona ada mwishoni walitumia takriban asilimia 20 zaidi. Hawa hawakuwa washamba wa mtandao. Mtu akishachagua tarehe, akaandika majina ya watoto na namba za pasipoti, amekwishaianza safari moyoni, na kurudi nyuma kunamgharimu. Wanauchumi Xavier Gabaix na David Laibson walikwenda mbali zaidi mwaka 2006. Walionesha kwamba hata ushindani mkali unaweza kushindwa kufichua ada, kwa sababu shirika linalowaelimisha wateja wa mwenzake haliwavuti upande wake. Mteja aliyeerevuka hubaki kulekule, akafaidi nauli ya chini inayogharimiwa na wasiojua, na kuzikwepa ada. Msafiri wa kila wiki anabebwa na msafiri wa mara moja kwa mwaka. Huku kwetu huyo wa pili ni mama anayekwenda Muscat kumwona binti yake, au mgonjwa anayepelekwa India.

Pingamizi zito kuliko yote ni la bei nafuu. Fastjet ilipoanza safari zake Dar es Salaam mwishoni mwa 2012, mtu mwenye mkoba tu aliweza kufika Mwanza kwa nauli ambayo hakuwahi kuiwazia. Kwa nini alipie begi la mwenzake? Nakubali, tena bila kinyongo: kutenganisha huduma kumewafungulia wengi mlango wa ndege, na anayetaka kurudisha tiketi ya bei moja kwa wote atawafungia. Lakini pingamizi hili linatetea kutenganisha, halitetei kuficha. Ikiwa nauli ya mwenye mkoba ni nafuu kweli, itabaki nafuu hata bei ya begi ikiandikwa kando yake tangu mwanzo. Inayopotea ni ile nafuu iliyokuwa ya sura tu.

Spirit, Allegiant na Southwest zilikuja na hoja nyingine. Kanuni ya Marekani iliyoanza Januari 2012 ilitaka bei kamili, kodi zikiwemo, ndiyo ionekane kwa ukubwa. Mashirika hayo yalidai kwamba kwa kufanya hivyo serikali inaficha mkono wake mwenyewe mfukoni mwa msafiri. Hoja ni tamu, hasa katika bara ambalo tozo za viwanja ni nzito. Mahakama ya rufaa ya Washington iliikataa mwaka huohuo, kwa sababu iliyo wazi: hakuna aliyekatazwa kuchanganua kodi. Zichanganuliwe, hata senti kwa senti, ila jumla isimezwe na vipande vyake.

Linabaki neno hiari. Mahakama ya Ulaya, katika kesi ya Vueling ya mwaka 2014, ilisema begi la kupakiwa linaweza kulipiwa kando, lakini begi la mkononi lenye ukubwa wa kadiri ni sehemu ya lazima ya safari. Hispania iliutegemea msimamo huo Novemba 2024 ilipoyatoza mashirika matano, Ryanair likiongoza, euro milioni 179, nayo yakapinga. Mimi ningependa kipimo kitokane na safari yenyewe. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayerudi kutoka Dubai hanunui kiti. Ananunua kilo, na kiti kinafuata. Kumwonesha nauli isiyo na mzigo ni kumjibu swali ambalo hakuliuliza. Mashirika yanasema hayawezi kujua mapema kila abiria atabeba nini. Basi yaulize. Swali moja kabla ya matokeo ya utafutaji, “Una mabegi mangapi?”, linatosha kufanya kila nauli inayofuata iwe ya kweli kwa mtu huyo.

Hatuanzi patupu. Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha mlaji, na Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya inampa mlaji haki ya taarifa anazozihitaji. Zaidi ya hayo, mwaka 2016 mamlaka ya ushindani ya Kenya iliziamuru kampuni za simu na benki kuonesha gharama ya muamala kwenye simu kabla mteja hajathibitisha. Kama mtu anayetuma shilingi mia tano anaambiwa makato kwanza, anayenunua tiketi ya dola mia tano hawezi kunyimwa. Wengine watasema hatuna ubavu juu ya mashirika ya nje. Kanuni ya Ulaya ya 2008 kuhusu nauli za ndege imelijibu hilo kwa kushika mahali ndege inapoondokea, popote shirika liliposajiliwa. Kanuni yetu nayo ingemfunga kila anayeuza safari inayoanzia Julius Nyerere, Moi ya Mombasa au Entebbe, awe shirika, tovuti yenye makao Ulaya, au wakala mwenye duka la chumba kimoja. Wakala atalalamika kwamba mfumo anaoutumia haumwoneshi ada ya begi. Mara nyingi lalamiko hilo ni la kweli, na ndiyo sababu wajibu wa kumfikishia bei hizo uwe wa shirika, kabla tiketi haijauzwa.