Kichomi Kisichokwisha

 

Wengi wetu tunakijua kifua kikuu kwa kikohozi cha zaidi ya wiki mbili. Lakini kipo kile kinachoshika utando unaofunika mapafu, nacho huweza kuja bila makohozi. Mgonjwa huchomwa ubavu mmoja anapovuta pumzi. Wakati mwingine uchungu hutokea begani au tumboni. Mchuma chai husema ni uzito wa kikapu. Mtoto wa shule huambiwa ni baridi ya asubuhi.

Baadaye maji hujaa kuzunguka pafu. Hapo uchungu huweza kupungua, nyumbani mkadhani amepona, kumbe sasa anahema akipanda kilima kidogo tu.

Mama, angalia pia homa ya jioni, jasho la usiku na kupungua uzito. Kichomi kikibaki baada ya dawa za nimonia, rudi hospitali. Makohozi yakipimwa yasionyeshe viini, usidhani umemaliza, kwani huenda viini viko kwenye utando. Uliza kuhusu picha ya kifua. Maji yakionekana, daktari huyatoa kidogo kwa sindano yakapimwe.

Ugonjwa huu unatibika. Dawa humezwa kwa miezi 6, na katika hospitali za serikali hutolewa bila malipo. Usimwache mgonjwa akome kumeza akipata nafuu. Na wote mnaoishi naye, hasa watoto wadogo, nendeni mkachunguzwe.