Ushahidi Juu ya Jamaa

Ndugu Waislamu, tumche Mwenyezi Mungu. Katika Suratun-Nisaa tumeamrishwa kushuhudia haki, ijapokuwa yawaelemea jamaa zetu. Hilo ndilo linalotushinda. Huko Palestina, katika kizuizi cha askari cha Qalandia, baina ya Ramallah na Baitul-Muqaddas, vibarua walikuwa wakijipanga foleni kabla ya alfajiri. Mwaka 2001 wanawake wa Kiisraeli, wajiitao Machsom Watch, walianza kwenda kusimama penye vizuizi vya namna hiyo. Hawakuwa na silaha wala mamlaka. Walitazama nani karudishwa na mgonjwa kangojeshwa muda gani, wakayaandika na kuyatangaza. Na askari waliowaandika walikuwa vijana wa taifa lao wenyewe, umri wa wana wao.