Kura Tunayo, Kiti Hatuna: Wanawake, Shura na Somo la Profesa Ruth Meena



Nimeombwa nizungumzie demokrasia na ufeministi. Kwa kuwa tumekutana Maskati, nitaanza na hesabu za hapa hapa, halafu nitavuka bahari.

Oman ndiyo iliyotangulia katika nchi za Baraza la Ushirikiano la Ghuba kumruhusu mwanamke kupiga kura na kugombea. Hiyo ilikuwa 1994, tena kwa mkoa wa Maskati tu. Walishinda wawili, Shakur al-Ghammari na Taiba al-Mawali. Mwaka 2000 wakaingia Lujaina Darwish na Rahila al-Riyami, wakarudi tena 2003. Mwaka 2007 hakupita hata mmoja. Mwaka 2011 alipita Nimah al-Busaidi peke yake, na 2015 ikawa vivyo hivyo. Mwaka 2019 walipita Fadhila al-Ruhaili na Tahira al-Lawati. Oktoba 2023 watu walipiga kura kwa simu zao, wanawake zaidi ya thelathini wakasimama, viti vilikuwa 90, na wote wakarudi mikono mitupu. Tangu 1994 mpaka leo hawajawahi kuzidi wawili katika Majlis al-Shura, baraza hilo la kuchaguliwa.

Naomba tuutazame vizuri mwaka 2003. Kabla yake wapiga kura walikuwa watu walioteuliwa, masheikh na wakubwa wa miji wakiwa na sauti kubwa katika uteuzi huo. Mwaka ule kila raia aliyetimiza miaka 21 akapewa kura, mke kwa mume. Mtu angetarajia idadi ya wanawake ipande. Ilibaki wawili, kisha ikashuka hadi sufuri. Kwa hiyo wale wanaotuambia tusubiri, kwamba kura ikienea na wanawake watafuata wenyewe, hesabu za hapa haziwaungi mkono.

Sababu moja haijifichi. Oman haina vyama vya siasa. Mgombea hubebwa na watu wake. Na watu wake hukutana wapi? Kwenye sabla, ukumbi wa mikutano ya ukoo, kwa kahawa na tende, wanaume watupu. Humo ndimo ukoo unapokubaliana nani asimamishwe na nani aachiwe zamu ijayo. Mgombea mwanamke anaweza kuingia kila nyumba ya mtaa, akakaa na kina mama mpaka magharibi, lakini pale neno linapofungwa yeye hayumo. Ufeministi kama nadharia ya siasa huuliza swali la namna hii: siasa huanzia wapi, kwenye sanduku la kura au nyumbani, kabla sanduku halijafunguliwa? Anne Phillips wa chuo cha LSE, London, ameandika miaka mingi juu ya jambo hilo, akishikilia kwamba haitoshi mawazo ya wanawake kuwakilishwa. Wenyewe wawepo ukumbini.

Lakini sitaki tukae London. Tunaye wa kwetu.

Profesa Ruth Meena alifundisha sayansi ya siasa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1992 alihariri kitabu juu ya jinsia Kusini mwa Afrika kilichowashirikisha wasomi wa ukanda ule. Mwaka 2003 aliwasilisha Pretoria mada kuhusu siasa za viti maalum vya wanawake Tanzania. (Mada nyingi za semina huishia kabatini; hiyo bado inasomwa.) Baadaye, wakati wa mchakato wa Katiba mpya, aliongoza mtandao wa asasi za wanawake uliodai hamsini kwa hamsini kati ya wanawake na wanaume. Dai hilo likaingia katika Katiba Inayopendekezwa ya 2014, ambayo mpaka leo haijapigiwa kura ya maoni. Kwa mwalimu huyu darasa na mkutano wa hadhara havikuwa vitu viwili, na hilo ndilo ninalomhusudu.

Swali ninalolichukua kwake ni jepesi kulitamka: mbunge wa viti maalum anadaiwa na nani? Tanzania ilianza na viti 15 mwaka 1985, sasa Katiba inataka visipungue asilimia 30. Idadi imepatikana, hilo tusilibeze. Ila orodha hutungwa na chama. Novemba 2020 tuliona jambo la ajabu Dodoma: wanawake 19 wa chama cha Chadema waliapishwa na Spika kuwa wabunge wa viti maalum, chama kikasema hakikuwateua, kikawafukuza uanachama siku chache baadaye, na wao wakaendelea kukaa bungeni. Watu walibishana sana nani msaliti. Mimi nililoliona ni kwamba katika ugomvi wote ule hapakuwa na mpigakura hata mmoja mwenye uwezo wa kusema, huyu ni wangu, mrudisheni au mwondoeni.

Huku Ghuba mambo hayako mbali. Kwa jirani, Umoja wa Falme za Kiarabu, amri ya 2018 ilitoa nusu ya viti vya Baraza la Taifa kwa wanawake, na nusu ya wajumbe wa baraza hilo huteuliwa na watawala. Hapa Oman, Majlis al-Dawla, ambayo wajumbe wake huteuliwa na Sultani, ina wanawake zaidi ya kumi. Nawaheshimu, na kazi yao inaonekana. Lakini aliyekuweka kitini ndiye anayekudai, awe Dodoma au Maskati. Bahrain, kwa upande wake, ilichagua wanawake wanane kwa kura mwaka 2022 katika viti 40, bila kuwatengea kiti. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba mila za Ghuba hazikubali.

Pendekezo langu ni hili. Wilaya zenye raia zaidi ya 30,000 zina viti viwili vya Shura. Kimoja kati ya hivyo kiwe cha mwanamke, apigiwe kura na wakazi wote wa wilaya, wake kwa waume, kwa vipindi vitatu tu. Hapo hata sabla italazimika kumtafuta mwanamke wa kumsimamisha, na atakayeshinda atadaiwa na wilaya nzima.

Nimalizie na sisi tunaosema Kiswahili humu Oman. Mwaka 1970 nchi hii ilikuwa na shule tatu za wavulana, na za wasichana hakuna. Zanzibar shule ya serikali ya wasichana ilifunguliwa 1927. Ndiyo maana wanawake waliorudi kutoka Unguja, Pemba na Mombasa baada ya 1970 walijaa madarasani, hospitalini na maofisini. Baadhi yao walikuja na jambo jingine ambalo hatulitaji: walikwisha kupiga kura. Wanawake wa Zanzibar walipiga kura Januari 1961, miaka 33 kabla ya Maskati, wakarudia Juni mwaka ule ule na tena 1963. Mapinduzi yaliyofuata yaliwafanya wengi wafunge midomo, na nawaelewa.

Wenye bibi zao walio hai nawaomba wakae nao, wawaulize nani aliwapeleka kituoni, nani aliwaambia wamchague nani, na kama walimtii. Aliyekuwa na miaka 21 wakati ule sasa amepita 80. Yarekodiwe mwaka huu, kwa Kiswahili chao, na nakala moja ipelekwe maktaba ya Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos.